Saa 2:19 za New York na Saa 2:11 za Berlin: Namna ya Kupima Maendeleo ya Mkimbiaji wa Marathoni

Hellen Obiri alipovunja rekodi ya New York City Marathon mnamo Novemba 2025, Kisii walisherehekea mtoto wao, na walikuwa na kila sababu. Lakini kwenye vibanda vya chai vya Kondele mjini Kisumu, ndani ya matatu za Nakuru na Eldoret, na kwenye makundi ya WhatsApp, kulikuwa na swali lililojirudia: saa 2:19:51 ina uzito gani hasa, ilhali Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia 2:11:53 kule Berlin mwaka 2023? Majuma machache kabla ya ushindi wa Obiri, Mkenya mwenzake Sabastian Sawe alikuwa ameshinda Berlin kwa saa 2:02:16. Wapo waliosema kijana ameanza kurudi nyuma, kwa kuwa marathoni yake ya kwanza, ya Valencia mwaka 2024, aliimaliza kwa 2:02:05.

Ni maswali ya haki. Sisi ni watu tunaojua riadha, na tumelelewa kwenye mbio za uwanjani ambako mizunguko 25 ya mita 10,000 ni ile ile, iwe Bondo, Nairobi au Tokyo. Huko ukiambiwa muda umeambiwa karibu kila kitu. Marathoni hukimbiwa barabarani, na barabara ina milima, ina upepo, ina jua, na ina wapinzani wanaoweza kuamua kwamba leo hakuna atakayeharakisha hadi kilomita ya 35. Nambari iliyo kwenye ubao wa mwisho imebeba hayo yote ndani yake, na ukitaka kujua kama mkimbiaji amekua au ameshuka, lazima uyatenganishe.

Maana ya maneno tunayotumia

Marathoni ni kilomita 42.195 popote inapokimbiwa. Wapimaji hutumia baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, kisha huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikagundulika kuwa fupi. Kwa hiyo ile dhana kwamba Berlin ni ya kasi kwa sababu "ni fupi kidogo" tuiweke kando kabisa.

Muda bora wa mwanariadha ni ule wa kasi zaidi aliowahi kuandikisha mahali popote. Rekodi ya mashindano ni muda wa kasi zaidi katika mbio hizo pekee. Wawekaji kasi ni wakimbiaji wanaolipwa kuongoza kwa mwendo uliokubaliwa, wakikata upepo mbele ya nyota, kisha hujiondoa njiani. Berlin, Chicago, London na Valencia wameshuhudia kazi yao kwa miaka mingi. New York na Boston wakimbiaji wakuu hawapewi msaada huo: ukitaka kasi, itoe mwenyewe, na mwenzako atakaa nyuma yako akipumzika.

Kuhusu umbo la njia, muulize mwendeshaji boda wa Kondele. Mpe abiria wa kilomita kumi kuelekea Ahero kwenye tambarare ya Kano, kisha mpe mwingine wa kilomita kumi kupitia Mamboleo, kupanda Riat hadi Kiboswa. Pikipiki ni ile ile, na dereva ni yule yule. Hakuna atakayemwambia kwamba amesahau kuendesha kwa sababu safari ya pili ilichukua muda mrefu na ikala mafuta mengi. Wakimbiaji wetu huambiwa hivyo kila mwaka.

Barabara za kasi na barabara za vita

Berlin ni tambarare kiasi kwamba sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 60 juu ya usawa wa bahari, na hukimbiwa mwishoni mwa Septemba, wakati joto kwa kawaida limeshuka. Kuanzia Paul Tergat wa Baringo mwaka 2003 hadi Eliud Kipchoge mwaka 2022, rekodi ya dunia ya wanaume ilivunjwa mara 8, na mara zote 8 ilikuwa Berlin. Valencia, ambayo hukimbiwa Desemba, na Chicago, ambako marehemu Kelvin Kiptum aliandikisha 2:00:35 mnamo Oktoba 2023, ni za jamii hiyo hiyo.

New York ni kitu kingine. Mbio huanza na mlima, maana mstari wa kuanzia uko kwenye daraja la Verrazzano na mkimbiaji hupanda tangu hatua ya kwanza. Yako madaraja mengine manne njiani. Lile la Queensboro huja karibu na kilomita ya 25, wakati miguu imeanza kuhesabu. Baada ya kilomita ya 35 kuna mwinuko mrefu wa Fifth Avenue, halafu mabonde na vilima vya Central Park hadi mwisho. Evans Chebet alikuwa na muda bora wa 2:03:00 wa Valencia mwaka 2020. Mwaka 2022 alishinda Boston kwa 2:06:51 na New York kwa 2:08:41. Ukisoma saa peke yake utasema alikuwa ameporomoka kwa zaidi ya dakika 5. Ukweli ni kwamba huo ndio uliokuwa mwaka wake mkubwa.

Boston ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na nitakaa hapo kidogo. Njia yake hutoka mji wa Hopkinton hadi katikati ya Boston karibu kwa mstari mmoja, na mwisho uko chini ya mwanzo kwa takriban mita 140. Kanuni za rekodi ya dunia zinataka mwanzo na mwisho visiachane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, na njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima. Boston inavunja masharti yote mawili. Ndiyo maana Geoffrey Mutai alipokimbia hapo kwa 2:03:02 mwaka 2011, rekodi ya dunia ikiwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie, muda huo haukuidhinishwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba Boston ni mteremko mtupu na kila anayekimbia vizuri huko ameteremshwa tu. Si kweli. Mteremko wa mapema huponda misuli ya mapaja, na baada ya kilomita ya 26 mkimbiaji mwenye mapaja hayo yaliyopondwa hukutana na vilima vinne vya Newton. Cha mwisho, Heartbreak Hill, huja baada ya kilomita ya 32. Mwaka 2011 kilichosaidia sana ni upepo uliovuma kutoka nyuma njia nzima. Kwenye njia iliyonyooka, upepo wa namna hiyo haukugeukii hata mara moja. Hivyo ni sawa kabisa kusema 2:03:02 haikuwa rekodi ya dunia. Lakini waliosema Mutai alibebwa na upepo walijibiwa Novemba mwaka huo huo, alipokwenda New York na kushinda kwa 2:05:06. Rekodi ya huko ilikuwa 2:07:43, na ilikuwa imedumu miaka 10. Kwangu mimi huo ndio ushahidi bora kuliko mjadala wowote: tafuta alichofanya mtu huyo huyo, msimu huo huo, kwenye barabara isiyo na msaada.

Siku yenyewe

Barabara haibadiliki lakini siku hubadilika. Wakimbiaji wa marathoni hufanya vyema kukiwa na baridi ya wastani, chini kidogo ya nyuzi 12. Jua likipanda, damu inayotakiwa miguuni inaitwa pia kwenye ngozi ili kupoza mwili, na mwendo unashuka hata kwa aliyejiandaa vizuri.

Geoffrey Kirui alishinda Boston mwaka 2017 kwa 2:09:37. Mwaka uliofuata, kwenye barabara ile ile, alimaliza wa pili kwa 2:18:23. Kwa karatasi, hiyo ni karibu dakika 9 za kushuka. Lakini siku hiyo ya 2018 mvua ya baridi kali ilinyesha na upepo ulivuma usoni, na aliyeshinda, Yuki Kawauchi wa Japani, alitumia 2:15:58. Kule Doha mwaka 2019 mbio za dunia za wanawake zilianzishwa usiku wa manane kukwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza. Muda wa mshindi, 2:32:43, hauwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na muda wa Berlin bila maelezo.

Msome Obiri kwa safu mbili

Sasa turudi kwa swali la Kondele. Chukua karatasi uandike marathoni za Obiri kwa mpangilio wa tarehe, tangu ya kwanza ya Novemba 2022 hadi ya Novemba 2025: 2:25:49, 2:21:38, 2:27:23, 2:22:37, 2:23:10, 2:24:49, 2:17:41, 2:19:51. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Mtu asiyejua kitu atasema huyu ni mwanariadha asiyetabirika.

Zitenganishe. New York: 2:25:49 akiwa wa 6 mwaka 2022, 2:27:23 akiwa mshindi mwaka 2023, 2:24:49 akiwa wa pili mwaka 2024, 2:19:51 akiwa mshindi mwaka 2025. Boston: 2:21:38 na ushindi mwaka 2023, 2:22:37 na ushindi mwaka 2024, 2:17:41 akiwa wa pili mwaka 2025. Ile 2:23:10 inabaki peke yake. Ni shaba ya Olimpiki ya Paris 2024, kwenye njia iliyokuwa na zaidi ya mita 400 za kupanda, na bingwa Sifan Hassan alimtangulia kwa sekunde 15 tu.

Angalia New York ya 2022 na ya 2023. Muda uliongezeka kwa dakika 1 na sekunde 34, na nafasi ikapanda kutoka ya 6 hadi ya kwanza. Inawezekanaje? Mwaka 2023 kundi la mbele lilikataa kuharakisha. Letesenbet Gidey, Sharon Lokedi na Obiri walichungana hadi ndani ya Central Park, na mwishowe Obiri akawaacha kwa mbio za mtu aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili. Gidey alimaliza sekunde 6 nyuma, Lokedi sekunde 10. Muda ule mrefu haukueleza uwezo wa mwili wake. Ulieleza makubaliano ya kimya ya wanawake waliokuwa wakiogopana. Kilichokua mwaka ule ni akili ya mbio, na saa haina mahali pa kuionyesha.

Kisha tazama 2025, na hapa nataka tuwe waangalifu hata tunaposherehekea. Rekodi ya New York kabla ya Obiri ilikuwa 2:22:31 ya Margaret Okayo, mwanamke mwingine wa Kisii, aliyoiweka mwaka 2003. Obiri aliipita kwa dakika 2 na sekunde 40. Lakini siku hiyo hiyo Lokedi alikimbia 2:20:07 na Sheila Chepkirui 2:20:24, nao wote wawili wakaipita. Boston mwezi Aprili ilikuwa hivyo hivyo: rekodi ya 2:19:59 iliyodumu tangu 2014 ilipitwa na Lokedi kwa 2:17:22, na Obiri, na Yalemzerf Yehualaw wa Ethiopia. Rekodi ya zamani ikianguka chini ya miguu ya watu watatu kwa mpigo, sehemu ya sifa ni ya hali ya hewa njema, sehemu ni ya mwendo waliokubali kuuweka pamoja, na sehemu ni ya viatu.

Ndiyo, viatu. Tangu mwaka 2017 viatu vyenye soli nene ya povu jepesi na bamba gumu ndani vimebadilisha mbio za barabarani, kiasi kwamba mwaka 2020 shirikisho la riadha la dunia, World Athletics, lililazimika kuweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40, na bamba moja tu. Okayo hakuwa navyo. Kumlinganisha na Obiri kwa sekunde ni kumdhulumu. Inatosha kujua kwamba aliwahi kushikilia rekodi za New York na Boston kwa wakati mmoja.

Baada ya kuondoa hayo yote, je, Obiri amekua? Amekua, bila shaka. Ushahidi ninaouamini zaidi ni kwamba kwenye njia ngumu za New York na Boston, bila msaada, alikuwa wa kwanza au wa pili kila mara tangu 2023 dhidi ya wanawake wale wale, huku kasi ya vita yenyewe ikipanda. Na kuhusu 2:11 za Assefa: Berlin wanawake hukimbia pamoja na wanaume, na mwanaume anaweza kuwa ngao ya upepo hadi mwisho. New York wanawake wakuu huanza peke yao. Vitabu vya rekodi vyenyewe vinatenganisha hali hizo mbili. Assefa huyo huyo alipokimbia London mwaka 2025 katika mbio za wanawake pekee, muda wake ulikuwa 2:15:50, na huo ukawa rekodi ya dunia ya mbio za aina hiyo.

Sawe, na pengo la nyuma yake

Kwa Sawe kipimo kizuri ni pengo. Valencia 2024 alishinda kwa 2:02:05, wa pili akiwa sekunde 33 nyuma. London 2025 alishinda kwa 2:02:27, na Jacob Kiplimo wa Uganda, mtu hatari kuliko wengi, akamaliza dakika 1 na sekunde 10 baadaye. Berlin 2025 alikimbia 2:02:16 na wa pili, Akira Akasaki wa Japani, alifika dakika 3 na sekunde 59 baada yake. Siku hiyo Berlin haikuwa Berlin tunayoijua: joto lilipanda hadi karibu nyuzi 25. Sawe alipita nusu ya kwanza kwa saa 1:00:16, kisha akamalizia peke yake juani. Hesabu pengo hilo kwa tahadhari, maana joto linaweza kuwavunja walio nyuma zaidi ya linavyomvunja aliye mbele. Hata hivyo, sioni namna ya kuita hilo kurudi nyuma.

Barabara isiwe kisingizio

Kipimo hiki kinakata pande zote mbili, na ni lazima tukubali kinapotuambia tusiyotaka kusikia. Kipchoge alipomaliza Boston 2023 akiwa wa 6 kwa 2:09:23, wengi tulisema ni vilima. Huenda. Miezi mitano baadaye alishinda Berlin kwa 2:02:42, kwa hiyo hoja ya vilima ilikuwa na nguvu. Lakini linganisha Tokyo na Tokyo: 2:02:40 mwaka 2022, 2:06:50 mwaka 2024 akiwa wa 10, wakati Benson Kipruto alishinda kwa 2:02:16. Linganisha London na London: 2:02:37 mwaka 2019, 2:05:25 mwaka 2025. Njia ni ile ile, viatu havijazidi kuwa vibaya, na walio mbele wameendelea na kasi ile ile. Alikuwa na umri wa miaka 40. Kusema kwamba amepungua kasi hakumwondolei heshima yoyote mtu aliyetupatia dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni.

Watu huuliza kama kuna nambari moja ya kutoa, kwa mfano "ondoa dakika 4 kwa New York". Hakuna. Anayependa milima hupoteza kidogo, mrefu wa hatua kwenye tambarare hupoteza zaidi, na siku ya joto huvuruga hesabu yote. Hata orodha ya dunia ya World Athletics haitegemei saa peke yake. Hutoa alama za muda, huongeza alama za nafasi kulingana na uzito wa mashindano, na hukata alama kwa njia zinazoteremka kupita kiasi.

Kwa vijana wa hapa nyumbani

Hapa ndipo mkanganyiko huu unapoumiza kweli. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, Eldoret 2,100, Iten 2,400. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyembamba na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, ndiyo maana marathoni ya Eldoret huzaa muda mrefu kuliko ya pwani ya Uhispania. Kisumu hewa ni nzito zaidi, lakini jua la ziwani linadai chake. Kijana anayekimbia 2:13 Eldoret na kuambiwa na jirani kwamba "hiyo si kitu siku hizi" anapimwa kwa rula ya Valencia, na wapo wanaoacha riadha kwa maneno kama hayo.

Kama ningemwandikia wakala kumpendekeza kijana wa namna hiyo, nisingetanguliza saa yake. Ningeandika: amekuwa wa nne, mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, bila wawekaji kasi, nusu ya pili akiikimbia haraka kuliko ya kwanza, sekunde 40 nyuma ya mtu ambaye mwaka huu huu alikimbia 2:06 barani Ulaya, na mwaka jana, kwenye barabara hii hii, alikuwa wa kumi na tisa. Saa yenyewe ningeiweka mwishoni.